Ngoma ya muguu na base: kila moja ipate njia yake, kusudi maneno yasikike

Ku ndoa, ku matanga, ku mikutano ya sendika, muziki haukose. Na leo vijana wetu wa Likasi, wa Kambove na wa Mwadingusha, wenye wazazi wao wanatumika mu mines, mu usine ao ku santrali ya umeme, hawangojee tena kwenda Lubumbashi kulipa studio. Kijana anapata ordinatere yenye mutu mwingine alikwisha kutumikisha, mikro moja, kaske ya masikio, na wimbo unazaliwa mu chumba cha kulala. Sisi wa sendika tunafurahia jambo hilo, na tunaomba vijana hao watunge pia nyimbo za usalama pa kazi, juu wimbo unafika fasi karatasi ya afishi haifike.

Lakini kuko kitu kimoja chenye kinaharibu kazi yao. Wimbo unawekwa ku bafle kubwa, na chini kunatoka mungurumo mumoja tu, vuuum, sawa kamyo yenye imesimama inje na motere inazunguka. Miguu inasikia, kifua kinasikia, lakini maneno hayatoke. Shida hiyo mara mingi inatokea fasi moja: ngoma ya muguu, ile kubwa yenye mupigaji anapiga na pedale, na gita ya base, zinagombania njia moja. Wimbo wa kucheza tu ukiharibika namna hiyo, ni huzuni kidogo. Wimbo wenye unaambia watu wasiingie mu shimo kisha mvua kubwa ukiharibika, ile ni hatari. Hapa tunaeleza namna ya kutenganisha sauti hizo mbili, bila kununua vyombo vya bei.

Masikio yenye kazi imechosha

Mutu mwenye alitumika miaka mingi na mashini ya kutoboa mwamba anajua: jioni masikio yanaimba yenyewe. Mashini ile inaweza kupita desibeli 110. Kelele ya namna hiyo haiue masikio yote kwa mara moja. Inaanza kula sauti nyembamba, zaidi sana karibu na herzi 4000 (herzi ni mara ngapi hewa inatetemeka mu sekonde moja). Sauti nene zinabakia. Njo maana muzee anasema: “Ninasikia, lakini sielewe.” Anasikia ngoma, anasikia a, o na u, lakini s, t, f, k na sh zinamukimbia, juu nguvu ya herufi hizo iko ku sauti nyembamba.

Twamba maneno haya: toka, choka, soka, shoka. Ondoa herufi ya mwanzo, yote inakuwa “oka”. Wimbo unasema “toka”, yeye anaweza kusikia “choka”. Na ongeza jambo hili: hata kwa masikio mazima, sauti nene yenye nguvu mingi inafunika sauti nyembamba zenye ziko juu yake, kupita namna sauti nyembamba inaweza kufunika nene. Ngoma ya muguu na base zikirundikana, zinafunika mwimbaji, na mutu wa kwanza wa kupoteza maneno ni muchimbaji, ule mwenye wimbo ulitungwa kwa ajili yake.

Juu ya nini zinagombana

Gita ya base iko na nyuzi ine. Zikipigwa bila kufinya, Mi inatetemeka mara 41 hivi ku sekonde, La mara 55, Ré mara 73, Sol mara 98. Sasa angalia ngoma ya muguu: mushindo wake munene uko mara mingi kati ya herzi 50 na 100. Ni fasi moja. Na kwa sababu mu muziki wa kucheza zote mbili zinapenda kuanguka pamoja ku pigo la kwanza, zinakutana ku mulango kila wakati.

Vijana wengi wanafanya hivi: ngoma haisikike vizuri, wanaongeza ngoma. Kisha base inapotea, wanaongeza base. Kisha ngoma tena. Mwisho taa nyekundu inawaka, sauti inapasuka, na hakuna yenye imeshinda.

Dawa iko mu jambo hili: kila moja iko na fasi ingine yenye inajulikana. Ngoma ya muguu, pedale inapogonga ngozi, inatoa “tak” karibu na herzi 2000 mupaka 4000. Base, vidole vinapovuta nyuzi, inasikika vizuri karibu na herzi 700 mupaka 1000. Basi si lazima zote mbili zikuwe wafalme wa chini. Moja ikae chini kabisa, ingine ijulikane zaidi huko juu.

Wazee wetu walikwisha kulijua

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mu 1930. Mu 1952, Hugh Tracey, Mwingereza mwenye alikuwa anaishi Afrika ya Kusini na kuzunguka akikamata sauti za muziki wetu, alimukuta hapa hapa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, na akamurekodi. Gita moja, vidole viwili. Kidole cha gumba kilikuwa kinashika nyuzi nene, kile cha pili kinashika nyembamba. Gumba inapiga chini, kidole kingine kinajibu mu nafasi yenye gumba imeacha. Hakukuwa mashini ya kusafisha sauti. Usafi ulikuwa mu namna ya kupiga. Na mu muziki wa gita wa wakati ule, mwenye kusindikiza alikuwa anaweza kugonga chupa ya limonade tu. Chupa ni sauti nyembamba, haigombane na nyuzi nene.

Karindula yetu vilevile. Tonneau ya mafuta inafunikwa na ngozi ya mbuzi, inawekwa mukono murefu na nyuzi ine. Ukivuta uzi, ngozi inatetemeka nao: base na ngoma vinatoka mu tumbo moja, kwa saa moja, kwa mukono mumoja. Mu 2011 nyumba ya muziki ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa “The Karindula Sessions”, na watu wa mbali wakasikia muziki huo wa upande wetu. Ukisikiliza karindula, utasikia kama mupigaji hajaze kila nafasi.

Kwa hiyo mbele ya kugusa kitufe chochote, sikiliza wimbo na uulize: base inapiga wakati gani, ngoma ya muguu inapiga wakati gani? Kama base inapiga noti refu yenye inapita juu ya kila pigo la ngoma, kata noti hiyo kidogo mbele ngoma ianguke. Kazi ya dakika tano hapo inaweza kuokoa saa mbili za mbele.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Programu ya bure inatosha. Audacity na LMMS hazilipishwe, na kwa kazi hii tunahitaji vitu viwili tu: egalizere na kompresere.

Hatua ya kwanza: chagua nani anakaa chini. Mu rumba na sebene yetu, base inatembea sana, inaimba karibu sawa gita. Hapo acha base ikamate chini, na ngoma ya muguu ikae juu kidogo, karibu na herzi 80 ao 90, na “tak” yake isikike. Mu muziki wa masini wenye ngoma inaanguka sawa sawa ku kila pigo, fanya kinyume: ngoma ikamate herzi 50 ao 60, na base ipande.

Hatua ya pili: punguza, usiongeze. Fasi yenye ngoma inatawala, shusha base desibeli 2 ao 4, polepole, kwa upana. Fasi yenye base inatawala, shusha ngoma vile vile. Kisha kata kabisa kila kitu chini ya herzi 30, juu pale hakuna noti, kuko tu mutetemeko wenye unakula nguvu ya bafle. Gita, klavye na sauti za waimbaji, zikate chini ya herzi 80 ao 100. Mikro ya mwimbaji inakamata hata mulango wenye unafungwa na kamyo yenye inapita ku barabara, na zote zinakwenda kurundikana na base. Angalia tena kati ya herzi 200 na 400. Hapo matope yanapenda kukusanyika.

Hatua ya tatu: kompresere yenye inatii. Hapa wachimbaji wasifikiri kompresere ya hewa ya mashini ya kutoboa, ijapokuwa jina ni moja. Kompresere ya muziki inashusha sauti yenye imepita kipimo. Mu programu mingi unaweza kuiweka ku base, lakini ukaiambia isikilize ngoma ya muguu. Ngoma inaanguka, base inainama desibeli 3 hivi, kisha inainuka. Ni sawa ku njia nyembamba ya mine: kamyo yenye imebeba inapita, ile tupu inasimama kando kidogo, kisha inaendelea. Kipimo cha kurudi ni cha lazima. Wimbo wa mapigo 120 ku dakika uko na nusu sekonde kati ya pigo na pigo, ni kusema milisekonde 500. Base irudi mu milisekonde 100 ao 200. Ikichelewa kupita hapo, wimbo utapumua sawa mutu mwenye amekimbia.

Hatua ya ine: fikiria telefone. Watu wengi watasikilizia wimbo ku telefone, na bafle kidogo ya telefone karibu haitoe kitu chini ya herzi 200. Base ya herzi 55 itapotelea wapi? Hapa masikio yetu yenyewe yanatusaidia. Noti ya 55 inatembea na watoto wake: 110, 165, 220, 275. Watoto hao wakisikika, kichwa kinajaza muzazi mwenye hayuko. Basi ongeza ku base ukwaruzo kidogo sana, ule programu zinaita saturasyo, na watoto wa noti watatokea. Base itajulikana hata ku telefone ya kitufe.

Jambo lenye Mwadingusha inatufundisha

Santrali ya Mwadingusha, ku maporomoko ya Lufira, ilianza kutumika mu 1930 kusudi viwanda vya Union Minière vipate umeme. Kazi kubwa ya kuifanya upya ilimalizika mu 2021: mashini 6, kila moja megawati 13, jumla megawati 78. Wenye kutumika pale wanajua sheria moja: mashini haiunganishwe na reso mbele mawimbi yake yafikie herzi 50 na kupanda na kushuka pamoja na mawimbi ya reso. Ukiiunganisha wakati moja inapanda na ingine inashuka, zinapigana na vyombo vinaweza kuvunjika.

Sauti iko na sheria ile ile. Kama wimbi la ngoma linapanda wakati wimbi la base linashuka, zinafutana, na wewe unasikia sauti nene imekuwa tupu, ijapokuwa umeiongeza. Wimbi moja la La ya herzi 55 linachukua milisekonde 18 tu. Kuchelewa kwa milisekonde 9 kunatosha kugeuza kupanda kuwa kushuka. Kubalisha picha ya sauti mu programu, angalia wimbi la kwanza la ngoma na la base: yanaanza upande mumoja? Kama hapana, fina kitufe cha kugeuza wimbi, chenye mara mingi kiko na alama Ø, ku moja ya sauti hizo mbili, na usikilize. Yenye iko na nguvu zaidi chini, njo ya kushika. Kisha weka wimbo wote ku bafle moja, kushoto na kuume pamoja. Ngoma ya muguu na base zikae katikati, juu sherehe mingi za kwetu ziko na bafle moja tu.

Umeme wenyewe nao unaimba. Reso yetu ni ya herzi 50, na hiyo iko jirani kabisa na Sol ya chini, yenye iko herzi 49. Ukisikia “mmmm” mu rekodi, ni umeme wenye umeingia mu kamba, na watoto wake ku 100 na 150. Ni mugeni wa tatu mu njia ya ngoma na base. Kuukata kisha na egalizere kunawezekana, lakini ukikata fasi ya 50 unakata pia noti ya base. Afazali kuuzuia mbele: chomoa chargeur ya ordinatere wakati wa kurekodi, utumike na batri, na usiweke kamba ya mikro kando ya kamba ya umeme. Kwa sababu ya delestaje, wengi tunatumika na batri hata hivyo. Na tia kazi mu akiba kila dakika tano.

Chumba nacho kinadanganya

Kuko kitu chenye kinashangaza vijana: wimbo uko muzuri mu chumba, inje umekuwa mubaya. Sauti inakwenda metre 340 hivi ku sekonde. Chumba cha nyumba ya kambi chenye upana wa metre 3 kinaongeza sauti ya herzi 57 karibu, juu wimbi hilo linaingia kati ya kuta sawa sawa. Kile cha urefu wa metre 4 kinaongeza herzi 42. Sasa kumbuka nyuzi za base: La 55, Mi 41. Ni kusema chumba cha 3 kwa 4 kinavimbisha noti mbili za base, na wewe unazipunguza ukifikiri ni wimbo wenye kosa. Inje, noti hizo zinapotea.

Usikae katikati ya chumba, usikae mu pembe, na usiweke bafle mu pembe, juu sauti nene zinarundikana pale. Matelasi yenye imesimamishwa ku ukuta inasaidia kidogo. Kisha peleka wimbo ku fasi tatu: telefone, kaske, na bafle ya mutu wa taksi mwenye unajuana naye. Andika ku karatasi jambo lenye umesikia fasi zote tatu. Jambo lenye linarudilia njo la kutengeneza.

Kaske mbili

Kwetu neno kaske linasema vitu viwili: ile ya kichwa ya kazi, na ile ya masikio ya muziki. Ya kwanza inalinda. Ya pili inaweza kuumiza. Kipimo chenye wataalamu wa kazi wanatumia ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila unapoongeza desibeli 3, saa inakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Kijana mwenye anachanganya ngoma na base usiku muzima na kaske imefunguliwa mupaka mwisho, anaweza kupata masikio ya muzee wa mine bila kushuka mu mine siku moja. Na baba mwenye anatoka ku kelele ya kazi, masikio yake hayajapumuzika. Usimukaribishe na bafle yenye inatetemesha sahani.

Kutumika na sauti ya chini ni dawa pia kwa wimbo. Sauti ikiwa chini, masikio yanasikia sauti nene vibaya, na ukifaulu kutambua ngoma na base hapo, moja moja, utazitambua fasi yote. Panga kazi namna hii: karibu wakati wote sauti ya mazungumzo ya kawaida, dakika mbili tatu tu sauti ya nguvu ya kuhakikisha, kisha kupumuzika.

Kwa upande wetu, tunaomba madelege wa kila fasi ya kazi wafanye jambo moja mbele wimbo wa usalama haujapigwa ku mukutano. Mwita muzee mwenye alitumika na mashini ya kutoboa, umukalishe metre kumi mbali ya bafle, usimupatie maneno ku karatasi. Piga wimbo mara moja. Kisha umuombe akurudilishie maneno, zaidi sana yale ya hatari: toka, simama, vaa, kata umeme. Kama ameyasema yote, wimbo uende ku kazi. Kama amebakisha moja, kijana arudi ku ordinatere, ashushe base desibeli 2 pale ngoma inaanguka, na muzee aitwe tena.